Miwani ya Mzee Msomaji

Nyumba ya kona, nyuma ya stoo ya mbao,
Jumapili, tarehe 29 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, na ile nyonga yako imekuacha upumue. Uliandika kwamba sasa unapanda ngazi kwa vituo. Je, umerudi kwa daktari kama ulivyoahidi? Mama watoto anasema nikukumbushe usimfiche mganga ugonjwa, maana anakujua: ukiulizwa unaumwa wapi, unaanza kumuuliza daktari habari za watoto wake.

Sisi huku hatujambo kwa jumla. Kikohozi cha mama watoto kimekwisha. Mtoto wetu wa mwisho ameng'oka jino la mbele, na sasa hacheki mbele ya wageni isipokuwa akisahau. Paa la jikoni bado linavuja. Nimepima, ni sentimita nane kushoto mwa taa. Mama watoto anasema wenzake wameolewa na mafundi wanaoziba, yeye amepata fundi anayepima.

Tangu nilipooa uliniagiza kwamba kila mwisho wa mwezi nikuandikie jambo ambalo Mungu amenifundisha. Kwa kawaida nafungua shajara, nachagua siku mbili tatu, nanakili. Mwezi huu nimefungua nikakuta kurasa tano tupu, kuanzia Jumatatu tarehe 23 hadi Ijumaa tarehe 27. Unanijua, mimi siachi ukurasa. Hata siku tuliyomzika Baba niliandika mistari miwili. Basi nikueleze kwa nini niliziacha. Nisamehe mwandiko ukikimbia, maana tangu nianze nimeshasimama mara nne kwenda dirishani, na dirishani hakuna kitu.

Yupo mzee mmoja kanisani kwetu, mwalimu mstaafu, mjane, anaishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kanisani. Tunamwita Mzee Msomaji kwa sababu kwa miaka zaidi ya ishirini ndiye aliyesoma Neno kila Jumapili. Akisoma, hata watoto wachanga wanasikiliza. Jicho lake la kushoto ni zima kwa umri wake, la kulia ndilo bovu sana. Mwezi uliopita alipata cheti kipya cha macho akakileta kwenye duka letu la miwani, na kazi ikaangukia meza yangu.

Shajara inasema Jumanne tarehe 3 nilimkabidhi miwani. Jumanne tarehe 10 alirudi. Nilichoandika siku hiyo ni hiki tu: "Mzee Msomaji analalamika herufi zinaogelea. Nimemwambia ayape macho wiki mbili, atazoea." Sikuivua ile miwani usoni pake hata kuitazama. Ndivyo tunavyowaambia wote, Shangazi, na tisa kati ya kumi huzoea kweli.

Yeye hakuzoea. Jumapili tarehe 15 alisimama mbele ya watu akaomba apumzishwe kusoma. Akasema macho yake yamefika mwisho wa safari, na kwamba aliyempa ndiye anayeyachukua, hana manung'uniko. Watu walilia. Mchungaji akatuambia tumtazame mzee huyu tujifunze maana ya kukubali. Mimi nami niliitikia amina, na jioni nikaiandika kwenye shajara kama somo la kukutumia.

Kazi ya kusoma akapewa mwalimu wa kwaya, ambaye ni mtu mwema, lakini husoma kama anayetangaza gari limefika.

Jumapili tarehe 22 Mzee Msomaji alikaa karibu nami. Akavua miwani akanipa. "Fundi, hebu nifutie, labda ni vumbi tu," akasema, akicheka kidogo. Nikatoa kitambaa. Vidole vyangu vikajua kabla yangu. Kioo kinene kilikuwa upande wa kushoto. Fremu yake ni ya duara, inapokea kioo chochote upande wowote, na mimi nilikuwa nimevipishanisha. Jicho bovu nililipa kioo cha jicho zima, na jicho zima nikaliharibia. Nikaifuta miwani, nikamrudishia, nikasema, "Haina vumbi, Mzee."

Jumatatu nilitafuta bahasha ya kazi yake. Cheti kilikuwa sahihi, sahihi kabisa, na chini yake kuna jina langu kwamba nimekagua.

Hapo ndipo shajara iliponyamaza. Mwenye duka letu, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Milimita, alishatutangazia mwezi wa nne kwamba kioo kingine kikitoka na kosa, aliyekitengeneza aondoke nacho. Mwenzangu mmoja aliondoka hivyo. Nilikaa na siri ile kama mtu aliyekalia msumari na yuko mbele ya wageni. Mezani nilikuwa nadondosha skrubu. Nyumbani nilimkemea mtoto kwa kosa la paka.

Jumatano Mzee Msomaji aliniita kwake. Nikakuta masanduku. Alikuwa amemwambia bintiye aje kumchukua Jumatatu ya kesho, kwa sababu mtu asiyeona hawezi kuishi peke yake na jiko la mkaa. Nyumba ile aliijenga na marehemu mkewe, kila tofali. Alikuwa anagawa vitabu. Mimi alinichagulia kamusi yake kubwa, akasema, "Wewe bado una macho, na unapenda mambo yaliyopangwa." Nikaipokea kwa mikono miwili.

Nikamwambia anipe miwani nikaikaze skrubu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wenye mpango. Alhamisi, Milimita alipotoka, nilivibadilisha vioo. Ilinichukua dakika kumi, Shangazi. Masanduku yote yale, machozi yote yale ya kanisani, dakika kumi.

Nilijiambia nimetengeneza, yamekwisha, hakuna aliyeumia. Jana Jumamosi nikampelekea. Aliivaa akageukia kalenda ya ukutani. Akasoma mwezi, akasoma siku, akasoma hata yale maandishi madogo ya chini yanayosema ilipigwa chapa wapi. Kisha akakaa juu ya sanduku, akafunika uso. "Ameniona," akasema. "Fundi, kesho usimame nami mbele ya watu. Wewe ndiwe shahidi, umenishika mkono tangu mwanzo."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimepanga kila kitu, skrubu, siku, saa ambayo Milimita hayupo, na sikufikiria kwamba mtu yule angemshukuru Mungu. Nikasema, "Sawa, Mzee," nikaenda nyumbani kwa njia ndefu.

Nikamweleza mama watoto. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Wewe unayepima tone la maji," akasema, "hili umelipima kwa kipimo gani?" Kisha akanipisha kwenye benchi nikae, tukachambua pamoja.

Leo asubuhi niliwahi kanisani. Nilimkuta kwenye chumba kidogo cha nyuma; alikuwa amemwomba mwalimu wa kwaya amwachie somo la leo, analijaribu kwa sauti ya chini. Nikamwambia. Nilisema kwa mpangilio, tarehe 3, tarehe 10, tarehe 22, kwa sababu sijui kusema kwa namna nyingine.

Hakukasirika kama nilivyotazamia. Afadhali angekasirika. Aliuliza, "Ulijua lini?"

"Jumapili iliyopita, Mzee."

"Na Jumatano ukapokea kamusi."

"Ndiyo, Mzee."

Akavua miwani akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Mimi nilipiga magoti nikaomba moyo wa kukubali," akasema. "Nikapewa, kijana wangu. Nilipewa kweli. Sasa nimrudishie nani?"

Kengele ikalia, akatoka, mimi nikabaki nikitazama viatu vyangu.

Alisoma. Shangazi, alisoma kama zamani, bila kupapasa hata neno moja, na watu wakaanza kugeukiana. Nilingoja atoe ushuhuda. Hakutoa. Alifunga kitabu akarudi kukaa. Baada ya ibada, mlangoni, Mchungaji alimshika mkono kwa furaha, akauliza mbele ya watu wote macho yamefunguka vipi. Mzee Msomaji akasema maneno mawili tu: "Muulizeni fundi."

Wakanigeukia. Milimita alikuwepo, hatua mbili kutoka kwangu, ana mwavuli mkononi. Nikasema. Sikuweka tarehe safari hii. Nilisema vioo nilivipishanisha mimi, nikamwambia azoee, nikajua nikanyamaza, nikavibadilisha kwa siri. Mwalimu wa kwaya akasema polepole, "Loo, fundi." Milimita alifungua mwavuli ingawa mvua haikuwepo, akaniambia, "Kesho saa mbili. Njoo na bahasha."

Basi hilo ndilo la mwezi huu, na sijui niliite somo. Jambo moja najua: neno lile "utazoea" sitalisema tena kabla ya kuishika miwani ya mtu mkononi. Jingine linanisumbua zaidi. Jana, kwa muda wa kutoka nyumbani kwake hadi njia panda, nilikuwa tayari kumwachia Mungu sifa za kazi yangu mbovu, nikaona huo ni unyenyekevu. Nimekuwa nikiomba tangu saa nane mchana, na kila nikifika katikati nasimama.

Kama nitabaki kazini au la, nitakuandikia kwa kifupi. Usimwambie Mjomba kwa sasa, atapanda gari kuja kunishauri. Kesho nikitoka kwa Milimita nitapita nyumba ya tatu. Bintiye atakuwa amefika, na sijui kama masanduku yatatoka au yatafunguliwa. Hakuniita. Nitabisha hodi, na asipofungua nitarudi Jumanne.

Nisalimie Mjomba, shemeji mshonaji na mapacha wake, na bibi wa jirani anayekusomea barua zangu macho yako yakichoka. Yeye mwambie akifika hapa asome taratibu. Mama watoto anakusalimu sana, na yule mwenye pengo anakutumia busu, mdomo umefungwa.

Mungu akulinde ngazi kwa ngazi, akuzidishie siku zenye usingizi mzuri, na akinikumbuka mimi anikumbuke kwa huruma.

Ni mimi nikupendaye tangu uliponifundisha kushika kalamu,

Mwanao, yule unayemwita Karani.