Barafu Zenye Uzi Mweupe

Mwende mwanangu,

Sijawahi kuuza barafu. Hata moja. Uliponiuliza kwa simu Jumapili iliyopita, shangazi yako Syombua akiwa amekaa kwenye kiti cha marehemu mama yako kama hakimu, nilikujibu, "Ndiyo, nauza, kwani kuna nini?" Nilikudanganya. Sababu ya uongo huo nitakupa mwishoni, kwa kuwa nikikupa hapa hutasoma yanayofuata. Utaanza kupiga simu, na mimi kabla ya simu zako nataka kwanza nikasirike.

Nimekasirika, Mwende. Uliamini upesi mno.

Nilikuwa karani wa mahakama mpaka nywele zikaniisha kichwani. Nimeandika kesi za wezi wa kuku, za wapangaji wakorofi, za ndugu wa tumbo moja wanaogombea shamba la baba aliye hai. Sikumbuki hata mmoja aliyehukumiwa kwa picha moja iliyopigwa kwa simu. Mwizi wa kuku huulizwa kama ana shahidi. Mimi sikuulizwa. Shangazi yako alifika kutoka kwake mtaa wa Baba Dogo baada ya kanisa, hakunywa hata maji, akaenda moja kwa moja kwenye friji na kufungua mlango wa juu.

"Kaka, hizi zote ni za nani?"

"Ni zetu, shosho," bintiyo Mutheu akamjibu nyanya yake huyo.

"Zenu wawili? Friza nzima? Mnafungua duka?"

Mwanao Kyalo, mdomo mwekundu mpaka puani, akacheka akasema, "Babu ndiye mdosi wa barafu!" Mtoto wa miaka sita anafanya mzaha wa kuniita bosi. Syombua naye akatoa simu akapiga picha. Chai haijachemka, picha ilikuwa kwenye kundi la familia, chini yake ameandika kwamba watoto wa wenyewe wamegeuzwa wachuuzi. Binamu zako, ambao hawajakanyaga hapa mtaani Jericho tangu matanga ya mama yako, wakaweka vile vikatuni vya kulia. Halafu wewe, kutoka Doha, bila hata salamu: "Baba, unawafanyisha watoto wangu kazi?"

Watoto wako. Sawa, ni wako. Lakini nani anawaamsha asubuhi? Nani anakaa na Mutheu kwenye hesabu za kugawanya hadi sote wawili tunataka kulia? Nani alimfanya Kyalo azungumze tena?

Hilo hukulijua. Nilikuficha pia, kwa sababu ulikuwa umeondoka juzi na ungeacha kazi kabla hujaianza. Uliposafiri, Kyalo alinyamaza. Alikula, alilala, alikwenda chekechea, lakini hakusema neno. Mwalimu akaniita. Nikarudi nyumbani nikiwaza, nikaona friji ya mama yako pale kwenye kona inanguruma peke yake, ndani haina kitu ila nyanya mbili. Nikakamua matunda ya passion, nikatia sukari na maji, nikamwita. Nikampa kazi ya kumimina kwa kijiko. Asubuhi yake akaja kunivuta shuka. "Babu, imeshika!" Hilo ndilo neno lake la kwanza. Sasa mtu ananiambia ninamfanyisha kazi.

Na ukamalizia kwa kusema friji iende kwa shangazi Jumamosi hii, na "Baba, wewe pumzika tu." Nipumzike! Gari lililokwisha huegeshwa nyuma ya gereji na kuku wakataga ndani yake. Mimi bado niko hai, Mwende. Friji ya mke wa mtu haibebwi na mkokoteni mwenyewe akiwa ameketi anatazama.

Inaonekana umesahau hiyo friji ni nini. Acha nikukumbushe.

Ilikuwa ya kwanza katika safu yetu yote ya nyumba. Mama yako aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, kwa pesa yake ya kuwapunguzia watu nguo za mitumba kwa cherehani pale sokoni Gikomba, wala hakuniuliza. Nilirudi kutoka kazini nikakuta mwenye mkokoteni anagombana na watoto waliopanda juu ya friji na kukataa kushuka, na wewe ndiye uliyekuwa umeketi juu kabisa. Kufikia Jumamosi iliyofuata, kila mtoto wa safu alikuwa na barafu yake ndani. Wakati ule ilikuwa karatasi ya nailoni, unamimina juisi ya ukwaju au maembe, unafunga fundo. Mama yako alitaka kila mmoja aje na juisi yake, na hakutaka rangi za dukani. "Ukitaka rangi, kamua tunda," aliwaambia. Shida ikawa kujua ipi ni ya nani, maana zilifanana na vita havikuisha. Ndipo akaleta nyuzi kutoka kwenye cherehani yake. Kila mtoto na uzi wake. Wako ulikuwa zambarau.

"Mama Mwende, yangu imeshika?" Mlango ulibishwa kutwa nzima.

"Mkifungua hiyo friji kila dakika itashika saa ngapi? Tokeni!"

Nawe ulisimama mlangoni mikono kiunoni, mrefu kama ufagio, ukigawa. Unakumbuka yule mvulana wa mlango wa tano aliyedai umekula yake? "Angalia uzi, boi! Hiyo ni zambarau, hata kipofu anaona." Akakujibu kwamba kwenu mnajiona mabosi kwa sababu ya friji. Ukamwambia basi apeleke yake kwa jua. Nilikuwa chumbani nasoma gazeti, nikalifunika uso nisionekane nikicheka.

Na ile siku stima ilipotea. Ilipotea asubuhi, na kufikia saa nane barafu zilikuwa zimeanza kulegea. Mama yako akaweka karai mlangoni, akamwaga zote humo, akachukua mkasi akakata nyuzi zote, nyekundu, kijani, manjano, zako pia. "Leo hakuna ya mtu," akasema. "Kuleni." Ulilia kwa kukatiwa uzi. Kisha nikakuona umeketi kwenye ngazi karibu na yule yule mvulana, mnabadilishana, yeye anakuonjesha ukwaju na wewe unamwonjesha embe. Mama yako alinitazama tu.

Hiyo ndiyo biashara yetu ya barafu. Wewe ungeijua kuliko wote.

Sasa nailoni zimepigwa marufuku, na ni vizuri, mitaro ilikuwa imejaa. Tunatumia vikopo vya mtindi. Vijiti nachonga mwenyewe kwa mbao za masanduku, maana sikuzaliwa katika nyumba ya wachongaji bure, ingawa vingine vinatoka kama miguu ya kuku. Kyalo anamimina. Mutheu anaweka kijiti katikati na kukishikilia, kisha anafunga uzi juu yake. Nyuzi ni zile zile za mama yako, bado ziko kwenye lile kopo la biskuti. Mutheu alichagua kijani, Kyalo nyekundu. Zambarau waliigusa wakaniuliza. Nikawaambia hiyo ina mwenyewe, wakairudisha.

Na kuna nyeupe.

Hizo ndizo zilizojaza friza. Hizo ndizo Syombua alizoziona akafikiri ni za kuuza. Kyalo aliwahi kuniuliza, "Babu, nyeupe ni ya nani?"

"Ya mgeni."

"Mgeni gani haji?"

"Atakuja."

"Akikawia nitakula moja."

"Ukijaribu, nitakukata masikio."

Akacheka mpaka akapaliwa. Mutheu hakucheka. Mtoto huyo ana macho ya mama yako, yanatazama kitu mpaka kinajieleza chenyewe. Tangu siku ile, tukianza kutengeneza, yeye hufunga nyeupe kwanza kabla ya zake. Sikumwagiza. Hajaniuliza. Na alipomwona shangazi yako anainua simu, ni yeye aliyesimama mbele ya friza akatandaza mikono. Lakini ni mfupi. Picha ilipigwa juu ya kichwa chake, na ukitazama vizuri utaona mstari wa nywele zake chini pale. Wewe uliona barafu. Hukuuliza kwa nini mtoto amesimama hapo.

Nikuambie pia habari ya kikohozi na meno, kwa kuwa navyo vimo kwenye mashtaka mliyonisomea kwenye kundi. Kyalo alikohoa kwa sababu barabara ya mbele imechimbwa tangu mvua ilipokatika, na vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Mtaa mzima unakohoa. Mama Njeri wa mlango wa pili anakohoa na hajala barafu tangu azaliwe. Meno? Wanapiga mswaki nikiwa nimesimama nyuma yao kama askari jela. Mashtaka yote nimeyajibu. Imebaki hilo la kuuza, ambalo nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe, na sasa nalikanusha kwa mkono wangu.

Basi sababu.

Mwezi uliopita Mama Njeri alinisindikiza hospitali. Nilikuwa nimekwisha kwenda mara mbili peke yangu, wewe nikakwambia nimekwenda kwa habari za pensheni. Daktari alikuwa kijana, safi, mpole, na jambo lililoniudhi ni kwamba alizungumza na Mama Njeri. Mimi nimeketi katikati yao na koti langu la kazini, na yeye anamuuliza jirani, "Mzee anakula nini siku hizi?" Nikagonga meza. Nikamwambia, "Niulize mimi, nipo hapa, na nasikia." Akaomba radhi. Akaniuliza mimi. Nikamjibu. Ndipo akavuta kiti akaketi karibu, akaniambia ukweli kama mtu mzima anavyoambiwa mtu mzima, kwamba ugonjwa umekwenda mbele ya kisu na mbele ya dawa, na kwamba nitengeneze mambo yangu. Nilimshukuru. Nilimwapisha Mama Njeri kwenye ngazi za hospitali asikuambie. Usimlaumu. Alilia njia nzima na bado akashika neno.

Sasa unaelewa Jumapili ilikuwaje. Syombua ameniuliza mbele ya watoto barafu hizo ni za nani. Wewe umeniuliza kwa simu, sauti imefunguliwa, Kyalo ananitazama mdomoni. Ningesema nini? Kati ya kuitwa mchuuzi na kuitwa marehemu kabla ya siku yangu, nilichagua mchuuzi. Mkataba wako bado una mwaka. Nilijua ungeuvunja usiku huo huo. Lakini nilitarajia, na hapa ndipo hasira yangu ilipo, Mwende, nilitarajia utasema, "Hapana, baba yangu hawezi." Hata kama nimekiri. Mahakamani nimeona watu wakikiri makosa yasiyo yao, na nimeona mama zao wakisimama nyuma wakapaza sauti, "Anadanganya huyo!" Mimi nilingoja sauti hiyo itoke kwenye simu. Haikutoka. Ikatoka amri ya friji.

Nimeisema, imekwisha. Nilitaka kuisema nikiwa na nguvu za kuisema.

Mama Njeri ataipiga picha barua hii na kukutumia kabla ya Jumamosi. Mwambie shangazi yako asije na mkokoteni. Akija kunisalimu, aje, nitampa kiti. Ukitaka kurudi, rudi, sitakuzuia tena. Ukiona huwezi, baki, nami sitahesabu hilo kuwa kosa. Siku nitakapokuwa sipo, friji ni ya Mutheu. Asiinyime safu. Uzi wa zambarau uko kwenye kopo, haujaguswa.

Jambo moja la mwisho, na ndilo nililomjibu daktari. Ulikuwa na miaka saba koo lako lilipovimba, ukakataa uji, ukakataa maji, hata mate uliyatema. Mama yako alikuwa Gikomba. Nilijaribu kila kitu jikoni, ukawa unatikisa kichwa. Nikachukua barafu ya maziwa kwenye friza, nikakata uzi wako, nikakushikia mdomoni ikayeyuka kidogo kidogo. Ulifumba macho ukameza. Ukaniambia, "Baba, hii inapita."

Kwaheri, mwanangu. Hasira imenitoka nilipoandika hilo.

Chai haipiti tena, Mwende. Uji haupiti, na mezani nawaambia watoto nimeshakula. Zile zenye uzi mweupe ni za maziwa, na ni zangu. Ndizo chakula changu. Hakuna kingine.

Baba yako