Jina Lililokuwa Kabatini

Nyakwara Achieng, mjukuu wangu,

Hapa Nyamasaria tuko salama, ila mvua hii imenichosha magoti. Mjomba wako anakusalimu.

Unauliza kwa nini, radi ilipochoma kompyuta yako, sikuulizia mashine, niliuliza tu kama kazi yako imehifadhiwa mahali pengine pia.

Miaka ya sabini nilikuwa natoboa kadi za kompyuta, zile ambazo matundu yake ndiyo maandishi ya mashine, katika ofisi moja ya Kisumu, iliyoandikisha familia za vijijini. Alasiri moja radi ilianza kupiga. Tulichomoa mashine kwenye umeme haraka, tukaifunika turubai, tena tukajisifu. Kumbe upepo uling'oa mabati juu ya kabati, mvua ikaingia. Kadi zilikuwa humo, na fomu za karatasi tulizozinakili kwenye kadi hizo zilikuwa humo humo. Zote zikawa uji.

Nikatumwa tena vijijini Awasi, nilikowahi kuandikisha, kuwauliza watu upya. Mama mmoja akanitazama sana.

"Si ulikuja mwaka jana?"

"Nilikuja, Mama. Karatasi zimeharibiwa na mvua."

Akataja watoto watatu. Mimi nilikumbuka wanne, nikamwuliza.

"Odhiambo alituacha," akasema. "Lakini ile karatasi ya kwanza ilikuwa na jina lake. Hakuna kwingine lilikowahi kuandikwa."

Fomu ilitaka walio hai tu. Mashine yetu, hiyo ilikuwa nzima kabisa.

Nimechoka kuandika, nyakwara. Siku ile nilimwandika Odhiambo kwenye daftari langu la kanisa, na bado yumo. Ihifadhi barua hii, ili jina lake likae katika nyumba mbili.

Ni mimi, Dani, bibi yako.