Bunduki Haina Kosa

Lewistown, Montana
Juni, siku ya Jumatano

Kaka yangu Merrill,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Alaska, wewe na Roberta na mapacha, na kwamba mbu wa huko hawajawamaliza. Sisi huku miili haijambo. Mvua imenyesha vya kutosha, ndama wamenona, na jirani yetu Opal anakusalimu sana; anauliza kama tumbo lako limezidi la mzee wako. Ukiniuliza habari za moyo, hapo ndipo penye kazi. Ningekupigia simu, lakini nikiisikia sauti yako nitaangua kilio, na Baba yuko pale mezani jikoni, habanduki.

Unajua tangu Mama atutoke Baba anaamka kwa ajili ya kitu kimoja tu: kwenda na mimi uwanja wa shabaha. Yadi elfu moja, mimi nimelala nyuma ya bunduki, yeye kando yangu na darubini yake, ananisomea upepo. Akisema upepo nusu kulia, nageuza lenzi kwa kipimo hicho, navuta. Siulizi. Si ndivyo alivyotulea? Mwenye darubini ndiye macho, na mpigaji anayebishana na macho yake arudi nyumbani akafume soksi. Mwaka huu tulitaka kuingia timu ya jimbo pamoja, na mashindano ya kuchagua timu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Baba ameshapiga pasi shati la klabu.

Basi tangu theluji iyeyuke, risasi zangu zinakwenda porini. Baba alisema ni mtutu, kwamba ile bunduki ya kitako cha mti aliyonipa nilipomaliza shule imezeeka, tutafute nyingine. Tukaenda kwa Wendell Pruitt, yule fundi bunduki mwenye domo. Akatuazima moja ndefu ya risasi nyembamba, akaapa kwamba hiyo hata bibi yake akiwa usingizini anapiga katikati. Nikakosa. Baba akasema risasi nyembamba inapeperushwa na upepo, tuchukue nene. Nene nayo ilinipiga teke la bega hadi nikashindwa kuvaa sidiria, na bado nikakosa. Tukajaribu nzito, tukajaribu nyepesi, tukabadilisha hata lenzi. Mwisho Wendell akachoka nasi. Akaichukua ile yangu ya zamani, akaiegemeza mezani, akapiga mwenyewe, na matundu yote ungeyafunika kwa kiganja. Akanigeukia mbele ya watu akasema bunduki haina kosa, haya dada, tumtafute mwenye kosa.

Nikasema ni mimi. Nikasema nimeanza kuogopa mlio, nafumba macho kabla ya kuvuta.

Jamani, Merrill! Unaijua klabu yetu. Kwao hiyo ni aibu kuliko kukutwa umelewa kanisani. Burdette wa klabuni aliniletea pamba za masikio zilizofungwa utepe wa rangi ya waridi, akaniambia nikizoea nitaweza kupasua hata puto. Nikacheka nao. Baba hakucheka. Njia nzima ya kurudi hakunitazama, akasema tu kwamba hajui mtoto wake ameanza lini kuogopa.

Kaka, mimi sikuogopa kitu. Ni Baba. Haoni. Nilijua siku ile bendera ya uwanjani ilipokuwa imelala kushoto waziwazi, mimi naiona kwa macho matupu, naye ananiambia upepo unakwenda kulia kwa sauti yake ileile ya uhakika. Nikaweka alivyosema, nikakosa. Kila bunduki tuliyoijaribu baada ya hapo nilijua haina neno. Nilikuwa navuta siku tu, ili tuendelee kwenda. Nilifikiri bora anione mimi mwoga kuliko ajione yeye kipofu.

Lakini mzee yule nani amemweza? Juzi aliniambia atanitibu woga wangu, na kwamba risasi atazipakia yeye. Unaukumbuka ujanja wake: kati ya risasi nzima anachomeka moja isiyo na baruti, nawe hujui. Kama unaogopa, mlio usipokuja mtutu unaruka wenyewe, unaumbuka. Mimi, binti wa Halvor Skogen, nikasahau kabisa! Ningekumbuka ningejitikisa makusudi. Nilivuta, ikasema tik, na mtutu haukutikisika hata chembe. Akapakia tena. Tik. Ndipo nikaona ameweka kidole chake juu ya mtutu, anausikiliza kwa kidole.

Bunduki haina kosa, Wendell alishasema. Mimi sina kosa, kidole kimemwambia. Hapo aliyebaki ni nani? Akaniuliza polepole bendera inaelekea wapi. Nikamwambia kushoto, Baba. Akaniuliza nimejua tangu lini. Nililia pale chini kama mtoto, naye akaniambia nisilowanishe bunduki. Kisha akaikunja miguu ya darubini, akaenda akipapasa hadi kwa Wendell palepale uwanjani, akamkabidhi, akamwambia siku ya mashindano amsomee binti yake upepo.

Tangu hapo hali chakula. Anakaa na mikono mapajani. Nimemwambia siendi kokote, akanifokea kwamba hakunifunza kulenga ili nije nimhurumie, na nisipokwenda nisimwite baba. Anasema atakuja, atakaa garini, asikilize alama zikitangazwa kwa kipaza sauti.

Merrill, nisaidie, nimeshindwa. Omba ruhusa kazini, uje ukae naye kwenye gari hilo. Jana nilikwenda kujaribu na Wendell. Nilipiga katikati, nikapiga tena katikati, kila risasi, watu wakapiga makofi, nami nikaenda kujificha nyuma ya banda. Tangu nianze kushika bunduki sijawahi kuogopa kukosa kama ninavyoogopa Jumamosi hiyo kupiga katikati, naye yuko garini anahesabu alama nilizozipata bila macho yake.

Msalimie Roberta, wabusu mapacha, na Mungu awatunze hadi tuonane. Usichelewe.

Ni mimi dada yako,
Ardith