Teita kwa Herufi E

Mpendwa dada yangu, Mama Wawuda,

Kwa heshima na taadhima, mimi mdogo wako ninakutangazia rasmi kwamba lile ua la plastiki lililokuwa kwenye dawati lako la maktaba limehamishwa kutoka upande wa kushoto na kuwekwa upande wa kulia. Hakuna aliyejeruhiwa. Shughuli za chuo zinaendelea kama kawaida.

Hayo ndiyo mabadiliko pekee ambayo chuo kimeyakiri tangu utuache, mwaka wa tatu sasa. Mengine nakuandikia mimi, na nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Bado niko kwenye kibanda changu cha fotokopi mkabala na geti, nikipigana na vumbi jekundu la Voi ambalo limeamua kuhamia ndani ya mashine yangu. Bado nabaindi projekti za wanafunzi. Unaijua tabia yangu: siwezi kutoboa karatasi ambayo sijaisoma. Niliishia kidato cha pili, lakini nadhani nimesoma projekti nyingi kuliko mhadhiri yeyote hapa, maana wao husoma za wanafunzi wao tu, na wakati mwingine hata hizo hawasomi.

Zile Jumatano zenu za darasa la utafiti nazikumbuka. Nilikuwa nakuletea karatasi za zoezi, halafu naketi nyuma nikijifanya nasubiri zitakazobaki. Wewe ulisimama mbele na chaki, yule mhadhiri, Daktari Kyalo, amesimama kando ya dirisha amekunja mikono, na kabla dakika kumi hazijaisha mlikuwa mmeshaanza kubishana mbele ya watoto wa watu.

"Huyu mama anawafundisha kutafuta," alikuwa akiwaambia. "Mimi nawafundisha kutoamini mlichokipata. Mkitoka hapa hamtaniamini hata mimi."

"Hasa wewe," ukamjibu, na darasa likaangua kicheko.

Lakini siku niliyoipenda ni ile ya Teita. Kila mwaka uliirudia na kila mwaka nilikuja kuiona tena. Uliwaambia watafute maandishi yote ya zamani kuhusu watu wa milima hii. Wote waliandika Taita kwenye kompyuta, wakapata vichache, wakainua mikono: "Madam, hakuna kitu." Ukaenda ubaoni taratibu, kama mtu asiye na habari, ukaandika TEITA. Ukapiga mstari chini ya ile E. Chini yake ukaandika Dabida, na Dawida, majina mengine ya watu hao hao. Wakaandika upya, na vitu vikaanza kumiminika.

Kijana mmoja wa Wundanyi akaudhika. "Kwani babu zetu hawakujua spelling?"

"Babu zenu walijua jina lao," ukasema. "Aliyekuja na kalamu ndiye hakujua. Aliandika alivyosikia. Ukitaka kumpata, mtafute kwa masikio yake, si kwa yako."

Hapo Kyalo akaondoka dirishani. "Na ukishampata, muulize: aliongea na nani, na nani hakuongea naye? Mtu aliyeshindwa hata na jina lenu, kwa nini mumwamini kwa mengine?"

Mimi huku nyuma nilikuwa nimeshasahau karatasi. Nilielewa siku ile kwamba hayo ni masomo mawili, na kwamba moja bila la pili ni kama kiatu kimoja. Ukijua kutafuta bila kuuliza, utabeba kila takataka. Ukijua kuuliza bila kutafuta, utabaki na maswali yako mazuri na mikono mitupu.

Siku hizi, dada, wanafunzi wapya huzungushwa maktaba kwa dakika ishirini. Huonyeshwa choo, mtungi wa kuzimia moto na nenosiri la intaneti. Kisha hupigwa picha ya pamoja. Hiyo ndiyo inayoitwa mafunzo ya utafiti. Ng'ombe wa kule Ndara akipelekwa mnadani huelezwa zaidi.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Mwanao Wawuda aliandika projekti yake kuhusu fighi, ile misitu ya kimila ambayo wazee wetu waliilinda hata kuokota kuni kukawa mwiko. Alipanda milima, akaongea na wazee kwa Kidawida chake kile cha kukwaruza, akachora ramani kwa mkono. Kazi nzuri. Lakini sura ya pili ilianza hivi: "Hakuna utafiti wowote uliowahi kufanywa kuhusu fighi." Supavaiza wake, ambaye ni Kyalo huyo huyo, akaweka tiki. Wawuda akaileta kwangu.

"Mjomba, nibaindie chap chap, kesho ndiyo mwisho."

Na mimi niliisoma hiyo sentensi. Nisikilize vizuri, kwa maana hili sijamwambia mtu. Niliisoma, nikajua ni uongo, maana nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa lako miaka yote ile nikiona vilivyomiminika, vya fighi vikiwemo. Nikajiambia, Mwadime, wewe na kidato chako cha pili, utamsahihisha daktari wa falsafa? Nikatoboa mashimo. Nikapitisha waya. Nikamwambia mwanao, "Hongera."

Mbele ya jopo, mtahini mmoja kutoka nje alimuuliza swali moja tu.

"Ulitafuta kwa neno gani?"

"Taita, na fighi."

"Jaribu Teita," akasema, akafunga ile projekti niliyoibaindi mwenyewe. Wawuda akaambiwa akaandike upya sura ya pili na ya tatu, maana maandishi yaliyokuwepo yalikuwa yameshajibu nusu ya maswali yake. Binti wa Mama Wawuda, dada. Aliyeangushwa na ile E.

Nilifunga kibanda mchana kweupe nikaenda maktaba. Mkutubi mpya, Maghanga, kijana mpole, alinipokea vizuri. "Mzee, sisi tunafanya orientesheni tu, kuwatembeza wapya. Maneno ya kutafutia ni kazi ya supavaiza."

Nikavuka hadi kwa Kyalo. Amenenepa. "Fundi, siku hizi hayo ni mambo ya maktaba."

"Daktari, kutoka hapa hadi maktaba ni hatua tisini na mbili. Nimetoka kuzihesabu."

"Nina wanafunzi wengi mno siku hizi."

"Nani alilifuta lile darasa? Nipe jina nikamtukane yeye, maana wewe naanza kukuonea huruma."

Alivua miwani. "Hakuna aliyelifuta. Halikuwahi kuwa kwenye ratiba. Ilikuwa mimi na Mama Wawuda tu. Alipofariki, nilienda Jumatano moja, nikakuta chumba kimepewa watu wengine. Nikarudi ofisini."

Hapo hasira yangu ikakosa pa kwenda, ikageuka ikaja kwako. Samahani, lakini lazima niiseme. Wewe! Wewe uliyewafokea watoto wa watu kwa kusahau namba ya ukurasa! Uliyeniambia tangu utotoni kwamba kisichoandikwa hakikutokea! Miaka yote ile, na hukuandika hata karatasi moja kusema darasa hili lipo, linafundishwa na wawili, na lisifundishwe na mmoja? Nimetafuta kwenye sanduku lako lote. Kuna risiti, kuna nyimbo za kwaya, kuna kadi za kliniki za Wawuda. Darasa halimo. Uliliweka kichwani, ukaenda nalo.

Na mimi je, niliyekuwa na mashine ya fotokopi? Kila Jumatano nilitoa nakala arobaini za zoezi lako, na sikujiwekea hata moja.

Basi, nikupe na la kukutuliza. Jumanne Kyalo alizivuka zile hatua tisini na mbili kwa miguu yake. Wakakaa meza moja, yeye upande huu, Maghanga upande ule, Wawuda katikati. Nilikuwepo, safari hii hata sikujifanya nasubiri karatasi. Maghanga akaandika Teita, vitu vikashuka kwenye skrini, Wawuda akaanza kunakili upesi upesi. Kyalo akamshika mkono.

"Polepole. Huyu aliongea na nani?"

"Na machifu tu, naona."

"Na wewe uliongea na nani?"

"Na bibi wazee wa kule juu," akasema Wawuda, na nikamwona anaketi wima, vile ulivyokuwa ukiketi wewe. Maghanga akasema hakuwahi kuliwazia hilo la machifu. Kyalo naye akakiri kwamba hakuwa amekumbuka Dabida. Wakaanza kubishana. Ilinibidi nitoke nje kidogo.

Nimewaandikia wakuu wa chuo barua ya kuomba darasa liwekwe kwenye ratiba, na nakala ninazo, mbili. Pumzika, dada. Mwanao anaandika vizuri sasa, na sura ya pili ya safari hii ungeisoma bila kushika kalamu nyekundu.

Mahafali ni Ijumaa. Jina la Wawuda halimo kwenye orodha ya mwaka huu.

Mdogo wako,
Mwadime