Chuma Mguuni mwa Baba

Korogwe, Jumapili

Shikamoo Bibi,

Baba anakusalimu kutoka wodini. Mguu aliouvunja kwenye shamba la kijiji, uliowekwa chuma cha kuunga mfupa, ulivimba tukaogopa. Jana nilimkuta ameufunga kwa yale majani yako ya kutolea miiba.

"Mwili umekikataa hiki chuma," akaniambia. "Nakisaidia kitoke."

Daktari akayaona. "Mzee Saidi, kwani huu ni mwiba? Kikitoka sasa, mfupa utashikwa na nani?"

Kisha akanieleza mimi, nikuandikie. Chembe nyeupe za damu hukivamia chuma kama mgeni zisiyemjua, ndipo mguu huvimba. Zikishindwa kukila, hukizungushia utando na kukiacha kikae. Uvimbe wa Baba hauna usaha. Majani ndiyo yangeweza kuingiza vijidudu, na mguu ungepotea. Usikasirike, Bibi, ameyatupa mwenyewe.

Leo uvimbe umepungua. Amemaliza ugali na mchicha, akaenda kwa magongo hadi dirishani. Anasema akiruhusiwa atatembea mwenyewe kutoka stendi hadi mlangoni kwako. Mungu akupe afya umpokee.

Mjukuu wako,
Mwanahamisi