Mbwa Wangu Haoni, na Shemeji Amepanga Kumuua Jumapili

Mheshimiwa Mshauri,

Kwa heshima zote zikupasazo naomba nafasi katika ukurasa wako, mimi Onzima, mkulima wa karanga hapa Koboko, kwa kuwa jambo linalonikabili limezidi uwezo wangu, nalo ni jambo la mbwa, na nakusihi usicheke. Mbwa huyo, Subiri kwa jina, macho yake yameingia utando mweupe mfano wa maziwa yaliyotiwa maji, hata mchana haoni mkono ulio mbele yake, lakini sijapata kuona kiumbe mwenye bidii kama yeye, maana karanga zikianikwa yeye hulala kando ya turubai, na mbuzi akikanyaga ukingo tu humfukuza papo hapo kwa kusikia kwato, na mke wangu Harriet akienda kisimani Subiri humtangulia kwa pua bila kupotea. Ajabu ni kwamba nyumbani ndiko anakojigonga, ijapokuwa mimi, kwa huruma, kila asubuhi uwanja ukishafagiwa huhamisha kinu, mitungi na viti nikavipeleka upande ambao jana hakujigonga. Juma lililopita alijigonga kwenye kinu, binti yangu Scovia akamshika kwa nyuma ili ampe pole, naye akageuka kwa hofu akararua sketi ya mtoto, ingawa ngozi haikuguswa. Ndipo Loro, kaka yake Harriet, akasema, "Shemeji, hii mbwa imekwisha. Iko nakula posho ya bure. Jumapili nakuja na rungu." Harriet akamjibu, "Wewe macho yako mazima, mbona mbuzi ilikula karanga na wewe umekaa hapo hapo na simu?" Hata hivyo Loro rungu ameshalichonga. Jirani yetu, bibi Elena, naye anashauri maji ya tumbaku machoni, kama wawindaji wa zamani walivyowatia mbwa wao. Je, nimwache auawe, au iko njia?

Wako mtiifu,
Onzima

Bwana Onzima,

Sikucheka. Habari ya kwato niliisoma mara mbili, nikamwonea fahari mbwa nisiyemjua. Wewe, hata hivyo, nina ugomvi nawe. Kisimani Subiri hapotei kwa sababu hakuna anayehamisha kisima! Mbwa asiyeona huibeba nyumba kichwani: kinu kiko hapa, kona iko pale. Wewe kila asubuhi unampa nyumba ngeni, kisha unashangaa akijigonga. Ni huruma yako inayompiga kipaji cha uso. Rudisha kinu mahali pake leo, na kisihame tena hata akija askofu.

Scovia amwite jina kwanza, ndipo amguse. Nawe ukishikwa ghafula gizani utarusha mkono.

Tumbaku isiyakaribie macho hayo, hata bibi Elena akinuna; inaunguza. Mpakie Subiri kwenye boda boda, watakaocheka wacheke, umfikishe kwa daktari wa mifugo huku Arua niliko. Utando mwingine hutibika, mwingine hautibiki, na wa kuupambanua ni yeye. Hapo hapo achanjwe kichaa cha mbwa. Hata asipopata kuona tena, kazi anaiweza, umeniandikia mwenyewe.

Sasa Loro. Katika barua yako yote, aliyemtetea mbwa ni mke wako, wewe sijakusikia. Uwanja ni wako na mbwa ni wako. Mwambie shemeji yako kabla ya Jumapili kwamba Subiri haguswi, na umwambie kwa kinywa chako. Usimtume Harriet.