Mjenzi Aliyekata Nguzo

Thesaloniki, 9 Januari

Bibi yangu Evanthia,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua ya mwezi jana yameshaniacha. Goti lako je? Na baba? Najua yeye hataniandikia hata nimpigie magoti, basi habari zake nipe wewe. Tangu masikio yako yaikatae simu nimejifunza upya kushika kalamu, na matokeo ndiyo haya unayoyasoma kwa taabu.

Nina jambo la kikazi. Unajua natunga hadithi za michezo ya kompyuta, ile kazi ambayo majirani unawaambia kwamba "yuko benki". Safari hii kampuni imenipa mchezo mzima, mwanzo hadi mwisho. Shujaa wangu anaitwa Thrasos, mjenzi mkuu wa mji wa kale uliozingirwa na maadui. Mchezaji ndiye anayemwendesha: anachagua mawe, anapanga vibarua, anainua ukumbi mkubwa wa kuwahifadhi watu. Katika sura ya tatu ukumbi unaanguka na watu wanakufa, kwa sababu mfanyabiashara mmoja alimuuzia chokaa mbovu. Thrasos anafukuzwa mjini, anatangatanga, anafia njiani.

Mkuu wangu wa kazi, Bi Kaliroi, ameniuliza mbele ya wenzangu wote, "Huyu ni shujaa wa tanzia kweli, au ni mtu tu mwenye mkosi?" Nikamjibu kwamba ni shujaa wa tanzia kamili, kama wale wa kale, na kwamba bibi yangu ameimba katika kundi la waimbaji wa tanzia pale kwenye ukumbi wa kale wa mawe misimu mingi, atathibitisha.

Thibitisha basi.

Mjukuu wako,
Fotis

Ligourio, 20 Januari

Mume wangu Fotis,

Marahaba. Goti ni lilelile, linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Baba yako hajambo. Mizeituni ameshaipogoa yote, sasa anajenga upya ukuta wa bustani, jiwe moja kwa saa. Anakula. Haongei, ila hilo si habari.

Sithibitishi. Huyo Bi Kaliroi ana akili, muoe, mimi nitakupa talaka.

Sikiliza. Sijasoma vitabu vya wanafalsafa. Ninachokijua nimekijua kwa miguu, nimesimama kwenye lile duara la udongo hatua kumi kutoka kwa mtu anayeangamia, kiangazi baada ya kiangazi. Mtu wa tanzia si malaika, wala si mwizi. Ni mtu aliyetuzidi kidogo, tunayemwonea fahari. Halafu anakosea, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akidhani anafanya vizuri. Na mara nyingi anakosea kwa sababu ya kilekile tulichokuwa tukimsifia. Mambo yanamgeukia. Kisha anajua. Anapojua, watu elfu kumi wananyamaza hadi unamsikia mmoja akimeza mate. Adhabu yake inazidi kosa lake, ndiyo maana tunamhurumia. Na kosa lenyewe tungeweza kulifanya sisi, ndiyo maana tunaogopa.

Sasa Thrasos wako kakosa nini? Kauziwa chokaa mbovu. Basi tuandikie hadithi ya muuza chokaa.

Lingine. Uliwahi kunionyesha michezo yenu. Mtu anakufa, unabonyeza, anafufuka, anakimbia tena kama kuku. Kama Thrasos anaweza kufufuka mara hamsini, nitamwogopea nini?

Usinune. Kula mboga.

Bibi yako,
Evanthia

Thesaloniki, 2 Februari

Bibi,

Shikamoo. Nimekula mboga, nimenuna vilevile.

La kufufuka umenishinda, nakubali. Nitafunga mlango: ukumbi ukishaanguka, hakuna kurudi nyuma. Lakini kuna kitu mchezo unacho ambacho ukumbi wako hauna. Pale watu wanakaa kwenye mawe wanamtazama mwingine akikosea. Kwangu mkono unaokosea ni wa mchezaji mwenyewe. Hawezi kwenda nyumbani akisema "maskini yule bwana."

Muuza chokaa simtoi. Na usijifanye hujui kwa nini. Unajua Thrasos ni nani. Baba aliuziwa saruji mbovu, jengo likaanguka siku ya tetemeko, mama yangu akafa ndani pamoja na watu wa ghorofa ya pili, na Korintho nzima ikamwita muuaji. Nilikuwa na miaka sita, niko kwako nakula tini. Nimesubiri miaka ishirini na minne nipate mahali pa kumsafisha jina mbele ya watu wengi. Sasa nimepapata, na wewe unanifanyia mzaha wa chokaa.

Mjukuu wako,
Fotis

Ligourio, 1 Machi

Fotis,

Salamu nyingi. Hatujambo sote. Barua yako nimekaa nayo wiki nne. Niliandika majibu matatu nikayatia jikoni yakaungua.

Hapakuwa na saruji mbovu. Hayo ni maneno yangu. Nilikuambia ulipokuwa na miaka saba, siku uliyorudi kutoka shuleni umepasuliwa mdomo. Baba yako hakuyasema hata mara moja. Alinyamaza tu, na mimi nikachukulia kule kunyamaza kuwa ni ruhusa.

Ilikuwa hivi. Baba yako, Lazaros, alikuwa mjenzi ambaye watu walimsubiri hata mwaka mzima ili awajengee yeye na si mwingine. Jengo lile alilijenga vizuri, na familia yake akaiweka ghorofa ya kwanza kwa sababu aliliamini. Baada ya miaka mitatu mpangaji wa duka la chini, Sarantos, muuza samani, akataka nafasi. Nguzo ya katikati ilimzuia kupanga makabati yake. Mafundi wawili walikataa kuigusa. Baba yako akasema, "Wao hawawezi. Mimi naweza."

Nilikuwepo, Fotis. Nilimpelekea dengu na mkate. Vumbi tele, ameshaweka boriti ya chuma juu, nguzo imekatwa nusu. Nikamwambia, "Lazaros, mwanangu, huko juu si kuzito?" Akacheka. "Mama, wewe imba, mimi nijenge." Nikacheka na mimi. Nikakusanya vyombo nikapanda basi kwenda mazoezini.

Miezi minane baadaye ardhi ikatikisika. Majengo ya jirani yalipata nyufa. La kwetu lilikaa chini.

Mahakamani waliniuliza niliona nini. Nikasema sikuona kitu. Akafungwa miaka minne, na ningesema kweli ingekuwa zaidi. Nilipokuwa nasema alinitazama, kisha akainamisha kichwa. Msimu ule nilirudisha vazi langu na sikuimba tena. Wewe ulidhani ni goti.

Uliniuliza kama mjenzi wako anaingia kwenye kipimo cha wale wa kale. Yule uliyemwandika haingii. Baba yako anaingia.

Bibi yako,
Evanthia

Ligourio, Jumatatu ya Pasaka

Fotis mjukuu wangu,

Kristo amefufuka. Sijapata barua yako tangu majira ya baridi. Mayai mekundu nimepika ishirini kama kawaida, yamebaki kumi na tano. Baba yako ameniuliza, "Mtoto haji?" Nikamwambia una kazi. Akasema, "Umemwambia." Nikasema ndiyo. Akachukua kofia akaenda kwenye ukuta wake.

Kama unataka kunitukana, nitukane kwa maandishi. Macho yangu bado yanaona.

Bibi yako,
Evanthia

Thesaloniki, 30 Juni

Bibi,

Shikamoo. Natumaini joto halijawazidi huko.

Barua yako niliisomea kazini, nikaenda kukaa kwenye ngazi mpaka mfagiaji akaniomba nipishe. Miezi minne sikuwa na neno la kukuandikia ambalo si tusi. Nilipigana kwa ajili ya saruji ile shuleni, nikapigana tena jeshini. Wewe ulijua. Nimekukasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye, na bado haijaisha yote. Nakuambia ili usije ukadhani nimesahau.

Muuza chokaa nimemtoa. Sasa kuna harusi katika mji uliozingirwa, watu wanataka kucheza, nguzo ya katikati ya ukumbi inawabana. Mafundi wawili wanakataa. Thrasos anapewa nyundo na hakuna anayemlazimisha. Mchezaji anabonyeza mara tisa, nguzo inakwenda, watu wanamshangilia, wanambeba mabegani. Mkewe Thrasos yuko kati ya wanaocheza. Kabla ya hapo mwanamke mzee huleta chakula na kuuliza swali moja.

Tuliita wachezaji kumi na wawili wa majaribio. Ukumbi ulipoanguka, tisa walitafuta njia ya kurudi, wengine saa mbili nzima. Mwalimu mmoja wa hesabu alitupa kidhibiti cha mchezo mezani. "Hamkuniambia!" Dada aliyekaa karibu naye akamjibu, "Walikuambia. Yule mama aliuliza. Wewe ulikuwa unafurahia kubebwa." Bi Kaliroi alikuwa amekuja kudai mwisho wa pili, wenye furaha. Akafunga daftari. "Uache hivyohivyo," akasema, "na mkosi sijauona."

Mchezo ukikamilika nitawatumia na mashine yake. Mpe baba. Usimwambie ni nini. Hapana, mwambie.

Mjukuu wako,
Fotis

Ligourio, 14 Oktoba

Mume wangu,

Afya zetu nzuri, mashine imefika, fundi wa televisheni ametufungia. Nilimwambia baba yako, "Hii ni kazi ya Fotis. Ni habari zako." Aliizunguka siku nzima kama paka anavyozunguka samaki wa moto. Kesho yake akakaa.

Vidole vyake ni vizito, alimgongesha Thrasos ukutani nusu ya asubuhi. Lakini kwenye kujenga alitulia. Akanisogelea, akaniambia karibu na sikio, "Mtoto nani kamfundisha kupanga mawe? Yanakaa vizuri." Nikamwambia, "Alikuwa anakutazama." Akajenga mpaka saa ya chakula ikapita.

Jumatano akafika kwenye nguzo. Wapiga muziki wanasubiri, watu wanaliita jina lake. Yule mwanamke mzee akaja na chungu chake, akauliza. Baba yako akanigeukia.

"Mama, huyu ni wewe."

"Ndiyo."

"Uliuliza hivihivi."

"Niliuliza."

"Nilikusikia," akasema. "Nilicheka, lakini nilikusikia."

Hakukata. Aliweka kidhibiti mezani akatoka. Leo ni siku ya tano Thrasos amesimama na nyundo mkononi. Kila asubuhi baba yako anaketi mbele yake na kahawa, anamtazama, kikombe kikiisha anaondoka. Je, asipokata inakuwaje? Katika tanzia tulizoimba hakuna aliyewahi kukataa, maneno yalikuwa yameshaandikwa. Niambie haraka.

Bibi yako,
Evanthia

Thesaloniki, 22 Oktoba

Bibi,

Shikamoo. Asipokata hakuna kinachotokea. Watu wataendelea kumwita, muziki utaendelea kusubiri. Sikuandika kitu hapo. Kati ya wale kumi na wawili hakuna hata mmoja aliyesimama tu.

Bi Kaliroi aliposikia akasema, "Basi liandike tukio hilo, bado tunaweza kuongeza." Nikakaa siku mbili nikaliandika. Thrasos anaweka nyundo chini, harusi inachezwa kwa kubanana, watu wananung'unika, mkewe anazeeka. Lilikuwa zuri. Nililisoma mara nyingi, Bibi, sitakuficha. Kisha nikalifuta. Sikulifuta kwa ajili ya vipimo vya wale wa kale. Nililifuta kwa sababu haikuwa hivyo, na baba angeniona mwongo wa pili katika nyumba yetu.

Mwambie akae hapo muda wowote anaotaka.

Mjukuu wako,
Fotis

Ligourio, 5 Novemba

Fotis mwanangu,

Tumeamka salama. Mvua imeanza.

Barua yako nilimsomea baba yako kwa sauti. Akaniomba niisome tena. Jumapili tulipotoka kanisani hakuvua hata koti, akaketi akakata. Alihesabu kwa sauti, moja hadi tisa. Akaendelea mpaka mwisho siku hiyohiyo. Wanapomfukuza Thrasos mjini na mwanamke mmoja anamtupia mkate, akasema, "Hapo amenionea huruma. Mimi hakuna aliyenitupia."

Nikamuuliza, "Sasa wewe unasemaje, ni shujaa au si shujaa?"

"Hayo ni yenu wewe na mtoto," akasema. "Mimi najua alikata mwenyewe. Hilo ameliandika sawa."

Jumanne tulipanda basi kwenda Korintho, kwa Bwana Pantelis, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika ile familia ya ghorofa ya pili. Alitufungulia. Baba yako akasema kuhusu nguzo, mimi nikasema kuhusu mahakama. Yeye alisikiliza ameshika kitasa. Hakutukaribisha ndani, na hakutufukuza. Alisema, "Nimesikia," akafunga mlango. Kwenye basi la kurudi baba yako alisinzia begani kwangu mpaka Ligourio, na mvi zake zote.

Anakuja kwako. Atafika Ijumaa saa kumi jioni, kituo kikuu cha mabasi. Nimemuuliza atakuambia nini, akasema atakueleza habari za mama yako, jinsi alivyokuwa, kwa sababu hajawahi kukueleza. Simama mahali atakapokuona. Mzigo wake usimpokee, hapendi. Na usianze kumuuliza maswali, Fotis. Mpe kahawa, kaa karibu naye, nyamaza. Ataanza mwenyewe.

Bibi yako,
Evanthia